Shimo Katikati ya Wimbo

Mjomba wangu alikuwa dobi, na kama hujawahi kuishi na dobi usiniambie unawajua watu. Alipokea furushi mlangoni, akamsalimu mwenye nguo kwa heshima zote, akamuuliza habari za watoto, na mtu akigeuza kisogo tu, ananusa kola. "Huyu jana hakulala kwake," ananiambia. Mimi niko mezani napiga pasi, najifanya sijasikia, huku masikio yamenisimama. Alimshuku mwalimu, alimshuku muuza mkaa, alimshuku hata mkewe, ambaye tangu aolewe safari yake ndefu ni ya sokoni. Mkaza mjomba alikwisha kumzoea. Alisema mumewe mvua ikinyesha huuliza imetumwa na nani.

Tulifanya kazi katika vyumba viwili na ua. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kufulia: sakafu ya saruji iliyochimbika, mabeseni ya bati, na pipa la kuchemshia nguo nyeupe lililokuwa jeusi kwa nje kama kitako cha sufuria. Uani kamba zilipishana hata ukitaka kupita lazima uiname, na shuka mbichi ikupige kofi la uso. Mbele ndiko kulikokuwa na meza ya pasi, blanketi kuukuu juu yake, pasi za mkaa, na harufu ya wanga isiyotoka nguoni mwetu hata tukienda harusini. Sabuni na maji ya moto vilikuwa vimemla Mjomba mikono. Viungo vya vidole vilimvimba, na asubuhi ilimbidi avitie kwenye maji ya uvuguvugu kabla havijakubali kukunjika.

Kitu kimoja hakukifanyia mzaha, nacho ni alama. Kila nguo iliyoingia aliitia uzi upande wa ndani, pale shingoni au kwenye pindo, na kila nyumba ilikuwa na mshono wake: huyu msalaba mwekundu, yule vistari vya bluu, yule kidoti cha njano. Hakuandika popote. Alikuwa nazo zote kichwani. Siku moja mashati mawili meupe yalipishana, hili likaenda kwa yule na lile kwa huyu. Saizi moja, kitambaa kimoja, na waliovaa hawakujua. Mjomba alizunguka mtaa mzima juani mpaka akayarudisha. Nilimwambia wenyewe wala hawakuwa na habari. Akanijibu kwamba yeye anayo habari, na inatosha. Kumpa mtu nguo ya mwenzake ndiyo aibu aliyoiogopa kuliko kaburi.

Hayo ni ya siku za kazi. Jumapili Mjomba alikuwa mtu mwingine. Alivaa sare nyeupe niliyoipiga wanga mpaka ikaweza kusimama yenyewe, yenye vifungo vya shaba, akatoa chini ya kitanda sanduku lenye kufuli, na ndani yake kodiani ya baba yake. Ni kile kinanda cha kuvuta na kukunja, kinachopumua kama mgonjwa wa pumu. Babu, naye dobi, aliwafulia askari wa kizungu kambini siku zile nchi ilipokuwa mikononi mwa watu wengine. Askari walipofungasha kurudi kwao walikitupa, yeye akakiokota. Ngoma kubwa iliyopigwa kando yake nayo ilitoka kambini, na hata ile namna ya wachezaji kujipanga safu na kugeuka kwa pamoja ilikuwa ya gwaride. Na sisi wote, pamoja na vifungo vyetu vya shaba, tulisema hii ndiyo ngoma yetu ya asili, ya tangu na tangu. Ungethubutu kubisha ungeondoka na meno pungufu.

Wimbo mkubwa wa kikundi ulikuwa mmoja, na uliheshimiwa kwa sababu ya shimo. Kila ubeti, ukifika katikati, sauti zote zilikatika. Kodiani ilivuta pumzi tupu, waimbaji walifumba midomo, wachezaji waliinua mguu wa kulia na kuuacha hewani. Halafu mguu unashuka, wimbo unaendelea. Tuliita pale shimo. Mjomba alifundisha kwamba ni heshima kwa waliotutangulia: tunanyamaza ili nao waimbe. Watu wazima walilia pale. Na shimo ndilo lililotenga wenyeji na watu wa kuja, maana asiyelelewa nalo lazima atumbukie humo, aendelee kuimba peke yake kama mlevi huku wenzake wamenyamaza. Mjomba akiona mtu kaangukia mle hutikisa kichwa na kusema, "Huyo si wetu."

Hakunifundisha kodiani. Mtoto hakujaliwa, na nilikuwa mimi tu nyumbani, lakini kila nilipomwomba alisema akinifundisha mimi atakuwa amemfundisha na mume wangu. Nilimkumbusha sina mume. Akasema ndiyo maana hamjui, na mtu asiyemjua hamwamini. Ungefanya nini na mtu wa namna hiyo? Nilicheka, nikarudi kwenye pasi yangu, lakini iliniuma.

Basi mwaka ule ikaja habari kwamba idara ya utamaduni inapita kila mahali kurekodi ngoma za asili za nchi, ziwekwe zisipotee, na zilizo bora zipigwe redioni kama nyimbo za taifa. Kwetu angekuja ofisa mmoja na mashine yake. Mjomba alipopata habari alishinda siku nzima akitazama vidole vyake. Alijua, nami nilijua, kwamba baada ya muda mfupi vile vidole visingeweza tena. Akipatikana kwenye mashine sasa, wimbo wa baba yake utabaki. Akikosa, utaondoka naye. Sijawahi kumwona akikitaka kitu kama alivyolitaka jambo lile.

Na hapo ndipo alipohamia fundi redio.

Alipanga chumba tulichogawana naye ukuta wa ua, yeye na bibi yake. Walikuwa wale tunaowaita wageni. Babu zao waliletwa kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya wakoloni, kwa mkataba, kutoka nchi ya mbali. Wakoloni wakaondoka, mashamba yakaota magugu, wao wakabaki. Wamezaliwa hapa, wamezika hapa, lakini jina halikuwatoka. Mjomba alipoona wanashusha mizigo, alisimama mlangoni na kuhesabu kwa macho kila kilichoingia. Alipoona redio ya kaseti akanifinya mkono.

"Ya nini ile?" akaniuliza.

Nikamwambia ni fundi redio, ulitaka ashushe nini, mbuzi? Hakucheka.

Asubuhi moja tulikuwa tunakamua shuka, yeye upande ule na mimi upande huu, tukisokota. Ng'ambo ya ukuta fundi alikuwa anachomelea nyaya zake huku akiimba puani, kama mtu anavyoimba akiwa kazini, bila kujua kwamba anaimba. Mikono ya Mjomba ikasimama. Ulikuwa wimbo wetu. Tuliusikiliza unapanda, unakata kona, unakuja kwenye shimo, na mimi mwenyewe niliona mguu wangu unataka kuinuka. Fundi hakunyamaza. Alipita pale na sauti moja nyembamba, akashuka nayo upande wa pili kama mtu anayepita darajani.

Mjomba aliachia shuka ikaanguka kwenye tope.

Siku zilizofuata sikuzipenda. Alikata shauri kwamba fundi ameuiba wimbo, na kwamba ameliziba shimo makusudi, kama mwizi anavyong'oa alama kwenye nguo, ili akiupeleka kwa ofisa tusiweze kudai. Ameuibaje? Kwa ile kaseti. Nani kamfungulia? Hapo akanitazama mimi. Nikamwambia Mjomba, ukinitazama hivyo tena pasi hii utaipiga mwenyewe. Akamgeukia mkewe. Mkaza mjomba akamwambia ndiyo, ni yeye, amemwimbia fundi wimbo wote sokoni juu ya mafungu ya nyanya. Akanyamaza, lakini hakuacha. Mazoezi ya kikundi yakawa ya kunong'ona. Hebu fikiria watu wazima, sare nyeupe, wanaimba kwa kunong'ona, na Tumbo mpiga ngoma kubwa, kaka wa mkaza mjomba, anapiga mapaja yake badala ya ngoma. Nilitoka nje nikacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nimeingiwa. Nikianika nguo nilijikuta naanika karibu na ukuta ule.

Mwishowe Mjomba alichukua redio yake mwenyewe, nzima kabisa, akang'oa waya ndani, akanipa niipeleke kwa fundi. Nikaone.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, meza imeelekea dirishani, redio zimepasuliwa matumbo huku na huku. Fundi alinipokea vizuri, akaifungua redio ya Mjomba, akauona waya, akanitazama. Sidhani alidanganyika. Aliniambia tu nikae kidogo. Kwenye kigoda nyuma ya mlango alikaa bibi yake, mwembamba, macho yameingia ukungu, anachambua skrubu kwa vidole, kubwa kopo hili, ndogo kopo lile. Na alikuwa anaimba. Wimbo wetu, lakini maneno siyo yetu, lugha ya kwao, na shimo halikuwapo. Nilimuuliza fundi ameujulia wapi wimbo ule. Akacheka, akasema amelelewa nao, bibi yake ndiye redio yake ya kwanza.

Nikarudi nikamweleza Mjomba kwamba si kaseti wala nini, ni bibi. Nilidhani atatulia.

"Kumbe ndiye aliyetumwa," akasema, akavua aproni.

Alikwenda mwenyewe, eti kuchukua redio, na mimi nikamfuata nyuma maana nilijua mdomo wake. Alianza kwa heshima.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye dobi."

"Umejuaje?"

"Unanuka wanga," akasema yule bibi, na mimi nikajiuma midomo. Haikuwahi kutokea Mjomba kunuswa yeye.

Alimuuliza wimbo ameutoa wapi. Akajibu kwamba ni wa baba yake. Wazee wao waliuimba njiani, walipotembea kwa miguu kutoka kwao kuja kufanya kazi huku, na walipofika waliuimba kwenye mabanda ya vibarua. Mjomba akasema, na sauti yake haikuwa na heshima tena, kwamba wimbo huo ni wa baba yake yeye, mji mzima unajua. Bibi akauliza baba yake alikuwa nani. Akajibu alikuwa dobi, kambini kwa askari.

Bibi aliacha skrubu. Aliinamisha kichwa upande mmoja, halafu uso wote ukafunguka akaanza kucheka.

"Dobi wa kodiani. Yule mrefu. Loo! Jumapili alikuja kwetu mabandani, watu wa kwao walikuwa hawataki akipige, wanasema anapiga kelele. Baba yangu ndiye aliyempa huo wimbo. Lakini kile kidude chake kilikuwa kibovu, mwanangu. Kikifika mahali kinakohoa. Pumzi inatoka, sauti hakuna. Basi tukawa tunamngoja. Baba yangu anainua mguu, hivi, anauweka juu, anamngoja dobi apite. Wenzake wakamwiga. Wakicheka! Dobi mwenyewe anacheka. Sisi watoto tulipapenda hapo kuliko wimbo wenyewe."

Aliinua mguu wake wa kulia kutoka sakafuni, ule mguu mkavu wenye kandambili, akaushikilia hewani, akaushusha.

Mjomba alichukua redio yake akaondoka, akasahau kuaga. Nyumbani alifungua sanduku, akaipakata kodiani, akabonyeza kibonye kile kilichokufa. Ilitoka pumzi. Akabonyeza tena. Niliogopa kumtazama. Maisha yake yote amewaliza watu pale, na palikuwa mahali pa vibarua kumtania baba yake.

Usidhani alikubali siku ile. Mtu haachi kushuku kwa sababu ameonyeshwa. Kesho yake alisema labda baba ndiye aliyewapa wao, na bibi uzee umemchanganya. Akarudi kumjaribu. Alimwambia aimbe mpaka mwisho, naye akaimba, akapita pale ambapo sisi tunageuka kurudi mwanzo, akaendelea kwenye kipande ambacho hakuna mmoja wetu aliyewahi kukisikia, kirefu, kinachoshuka polepole. Alisema kile ndicho cha kurudi nyumbani, na kwamba hakikuimbwa sana, maana wengi hawakurudi. Mjomba alisikiliza amesimama. Fundi aliomba aifungue kodiani, alisema kibonye kile huenda ni ulimi tu wa shaba umevunjika ndani, kinatengenezeka. Mjomba akaikumbatia kama mtu anayetaka kunyang'anywa mtoto. Akasema akitengeneza, yeye atajuaje kuwa bado ni ya baba yake?

Tulipotoka alinena nami uani, katikati ya shuka.

"Sisi tuna mkono mmoja wa shati," akasema. "Yule ana shati."

Nikamwambia basi, tumejua, tunyamaze. Ofisa anakuja, na nani atauliza? Bibi mwenyewe hana haja na redio, hajadai kitu. Piga wimbo kama ulivyo, Mjomba, sema ni wa baba, maana ni kweli nusu. Nilimsihi. Nilivitazama vile vidole nikajua nafasi ni hii moja. Alikuwa ameshika kola ya shati la mtu na anageuza pindo, anatafuta uzi.

Siku ya kurekodi tulikutana asubuhi kwenye ukumbi wa shule. Ofisa alikuwa mwanamama mpole, amechoka na safari, amepanga vipaza sauti vyake mbele ya jukwaa na kufunga madirisha ili kelele za barabarani zisiingie. Kikundi kizima kilikuwepo, kimenyooka, vifungo vinang'aa. Mjomba alichelewa, jambo ambalo si lake. Alipoingia alikuwa na kodiani begani, na nyuma yake fundi redio amemshika bibi mkono.

Nikasema moyoni, tumekwisha.

Alisimama mbele ya kipaza sauti akamwambia ofisa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kabla ya kupiga anataka ijulikane: wimbo huu si wa baba yake. Ni wa baba wa huyu mama. Baba yake aliupokea kwao, kwenye mabanda ya vibarua, na shimo lililomo ni ubovu wa kodiani. "Nimeshika nguo ya mtu siku nyingi," akasema. "Nataka aivae mwenyewe watu waione."

Nikasikia mashine ya ofisa inavyozunguka. Tumbo aliweka fimbo zake juu ya ngoma, akamkaribia, akamsemesha kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Shemeji, wamekupa nini?"

Swali lile Mjomba ndiye aliyetufundisha. Ndilo alilomuuliza kila mtu, miaka yote, kwa kila jambo. Sasa liko mbele yake, na niliona hana jibu, kwa sababu yeye mwenyewe asingeamini jibu lolote ambalo mtu angempa. Alisema hawakumpa kitu. Tumbo akatikisa kichwa. Mmoja akasema labda amelishwa dawa, mwingine akasema tangu lini dobi akawa anaingia nyumba za wageni kila siku. Wakaanza kutoka. Tumbo aliinyanyua ngoma kubwa peke yake, akageukia mlangoni akasema shimo ni la wazee wetu na halitaguswa na mtu wa kuja. Mkaza mjomba alikuwa ameketi nyuma. Alimtazama kaka yake anavyoondoka, akamtazama mumewe, akabaki pale alipo, analia bila sauti.

Ofisa hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Mjomba kwamba yeye ametumwa kuchukua ngoma za asili za hapa, na hii, kwa alivyosema mwenyewe, siyo. Lakini ataichukua, iende upande mwingine wa kazi yao. Mjomba, mtu wa kuuliza kila kitu, hakuuliza ni upande gani. Alikunja na kukunjua vidole, akavipulizia, akaanza.

Hakukuwa na ngoma. Nilipiga makofi mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki. Kodiani iliingia, bibi akaufuata wimbo kwa lugha ya kwao, na tulipofika pale, kibonye kikatoa pumzi kama siku zote, na sauti ya yule mama ikapita juu yake, nyembamba, haikutetemeka. Mguu wangu uliinuka wenyewe. Sikujua niushushe wapi. Nililia, na nilijionea haya, na papo hapo nikaona wivu kwamba kitu kizuri vile hakikuwa chetu. Waliendelea mpaka kile kipande cha kurudi. Mjomba hakukijua vizuri, alibabaika, vidole vikakataa mara mbili tatu, bibi akamngoja. Alimngoja kila mara, mpaka akapita.

Kesho yake ofisa alirudi ukumbini, Tumbo na kikundi wakapiga wimbo ule ule bila kodiani, kwa ngoma na midomo, na shimo lao. Nilisikia walipendeza sana.

Nguo zikapungua. Watu hawakusema wamehama, walisema tu siku hizi wanafulia nyumbani. Mjomba hakulalamika. Jioni alivuka kwa fundi, akakaa karibu na kigoda cha bibi, akifundishwa kile kipande alichobabaikia. Huko pia alikuwa na mashaka yake, aliniambia hana hakika kama bibi hampunguzii ubeti.

Siku nyimbo zile zilipopigwa redioni tuliketi wote chumbani kwa fundi. Alikuwa ametengeneza redio kubwa ya mteja makusudi, ameiweka mezani juu ya kitambaa. Mjomba alivaa sare yake. Kwanza ulitangazwa wimbo wa Tumbo: ngoma ya asili ya wenyeji, ya tangu enzi za mababu, yenye kimya kitakatifu cha kuwaheshimu waliotangulia. Shimo lilipofika redio ilinyamaza, na barabarani nikasikia nyumba nyingine nazo zimenyamaza. Mjomba alikuwa ameangalia sakafu.

Halafu mtangazaji akasema sasa wasikilizaji watasikia kitu tofauti. Wimbo wa wageni waliokuja zamani kufanya kazi mashambani, umeimbwa na bibi mmoja wa jamii hiyo, na kodiani imepigwa na mzee mgeni mwenzake.

Ikaanza kodiani ya babu.

Mjomba alisimama. Alisema polepole, akitutazama mmoja mmoja, "Mgeni ni nani? Mimi?" Akasema amezaliwa mtaa huu huu, baba yake amezikwa pale juu, kila kola ya mji huu inamjua. Akatafuta kofia. Atakwenda huko redioni sasa hivi, kwa miguu kama hakuna gari, wamtazame usoni wamwambie mgeni ni nani. Kofia ikamponyoka. Fundi aliinamia redio, akajifanya anarekebisha kitu ambacho hakikuharibika. Mimi nilikuwa nimelitumia neno lile tangu nilipojua kusema.

Bibi alinyoosha mkono hewani, akapapasa mpaka akaipata sare, ule mkono uliokakamaa kwa wanga, akaushika.

"Keti, mwanangu," akamwambia. "Utazoea."